Mwanakondoo anadhoofika: anza na kope na umri, dawa baadaye

Ukiingia duka la dawa za mifugo ukasema "nipe dawa ya minyoo ya kondoo", mara nyingi muuzaji hakuulizi hata swali moja. Anakupa chupa ya albendazoli kwa kuwa ndiyo inayotoka sana, nawe unaondoka. Pengine utakuwa umepatia. Pengine mwanakondoo hana minyoo kabisa, ana koksidia, vijidudu vya kuharisha, na ile chupa haitamsaidia lolote. Au ana minyoo iliyoizoea albendazoli tangu enzi za bibi yake.

Kwa hiyo sianzi na duka. Naanza zizini, asubuhi, kabla hawajafunguliwa.

Dakika mbili kwa kila mmoja

Mkamate, mbane katikati ya magoti, kisha pitia haya kwa mpangilio uleule kila mara ili usisahau.

Umri kwanza. Usiseme "mdogo". Sema wiki ngapi, kwa sababu wiki ndizo zitakazofuta nusu ya washukiwa. Asiyeandika tarehe za kuzaa aanze leo, hata kwa mkaa ukutani.

Kisha kope. Telezesha kope ya juu kwa gumba ifunike jicho, bonyeza kidogo ili jicho lirudi ndani, na kwa gumba la mkono wa pili vuta kope ya chini. Utando wa ndani utachomoza wenyewe. Utazame juani, maana kivuli cha banda humfanya kila mwanakondoo aonekane na damu pungufu. Tena utazame haraka, kwa sababu ukiushikilia rangi inabadilika. Kuna chati ya rangi iliyotengenezwa Afrika Kusini iitwayo FAMACHA, jina lililoundwa kutokana na la Faffa Malan aliyeibuni. Ina daraja 1 hadi 5: 1 ni nyekundu ya afya, 3 ni waridi, 5 ni nyeupe kama karatasi. Kwa kondoo wazima hutibiwa 4 na 5. Kwa wanakondoo mimi natibu na 3, kwa sababu damu yao ni kidogo na hawana akiba.

Pitisha kiganja chini ya taya: pakavu na pembamba, au pana mfuko laini? Geuza umwangalie nyuma: mkia na mapaja ni safi, au yameganda kinyesi? Mwisho bonyeza uti wa mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho kwa vidole. Usiamini macho, manyoya hudanganya. Kwa kondoo wetu wa mkia wa mafuta, shika na mkia wenyewe, kwani huwa unapungua kabla mbavu hazijaonekana.

Ukishajua hayo matano, tafuta hapa chini palipo na mwanakondoo wako.

Kope nyeupe, kinyesi cha kawaida

Huyu ndiye anayenitisha kuliko wote, maana haonekani mgonjwa. Punje za kinyesi ni ngumu kama kawaida, mkia msafi, na mwili unaweza kuwa bado umejaa. Lakini kundi likiswagwa kwenda malishoni yeye anabaki nyuma, anasimama, anahema, halafu analala. Wengine hufa hapohapo njiani, na mwenye mali anaapa kwamba ni nyoka.

Mshukiwa mkuu ni mnyoo unaofyonza damu, Haemonchus contortus. Kusema kweli hauishi utumboni. Makao yake ni tumbo la nne, lile linalopakana na utumbo mwembamba. Jike lina urefu wa milimita 20 hadi 30, na ukilitazama kwa karibu utaona nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyekundu ni utumbo wa mnyoo uliojaa damu ya kondoo wako. Nyeupe ni mifuko ya mayai.

Mnyoo mmoja hupoteza damu ya kondoo kiasi cha ml 0.05 kwa siku. Ni tone tu. Ila mwanakondoo wa kilo 10 ana damu isiyozidi ml 800 mwilini mwake kote, na kubeba minyoo 2,000 si ajabu baada ya mvua nzuri. Hapo anapoteza ml 100 kila siku, theluthi moja ya chupa ndogo ya soda. Ndiyo maana hawezi kusubiri mnada wa wiki ijayo ndipo ununue dawa.

Jike moja la mnyoo huu hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kukiwa na joto na unyevu, yai likianguka leo na kinyesi, ndani ya wiki moja hivi kiluwiluwi chake kimeshapanda kwenye jani kikisubiri kuliwa. Kikishamezwa huchukua wiki tatu hivi kuwa mnyoo kamili unaotaga. Jumlisha, utaelewa kwa nini huku kwetu Karatu, Tanzania, vifo huja pale ambapo watu wameshaanza kufurahia majani ya masika, wiki ya nne au ya tano tangu mvua ishike.

Hesabu hiyohiyo inakuokoa na kosa jingine. Mwanakondoo wa wiki mbili mwenye kope nyeupe hajapata nafasi ya kuumwa na mnyoo huu, kwani hata majani bado hajayazoea. Kabla hujafungua chupa mlaze chali, fungua manyoya tumboni na ndani ya mapaja, uangalie viroboto. Zizi lenye samadi kavu ya miezi, ambamo watoto hushinda ndani mama zao wakienda kuchunga, huzaa viroboto wa kutisha, na wadogo hawa hukamuliwa damu hadi kufa. Niliwahi kumpa dawa ya minyoo mmoja wa namna hiyo mara mbili, huku viroboto wakinirukia miguuni. Dawa yake ilikuwa koleo: kutoa samadi yote, kupulizia zizi dawa ya wadudu, na kumtibu yeye mwenyewe kwa dawa inayofaa umri wake.

Ukiwa sehemu zenye mbung'o, nagana nayo huleta kope nyeupe bila kuharisha. Kupe wengi pia. Ila kwa mwanakondoo wa miezi mitatu hadi minane, mvua ikiwa imenyesha, mimi huanza na mnyoo wa tumbo la nne na mara chache hujuta.

Cha kufanya: usimkimbize. Mbebe. Mpime, mpe dawa kwa uzito wake (nitalirudia hilo), muweke kivulini na majani mazuri na maji, na kama una mashudu ya alizeti au majani ya lusina mpe kidogo kidogo, maana damu haijengwi kwa nyasi kavu. Baada ya siku 10 hadi 14 vuta kope tena. Rangi inapaswa kuwa imepanda walau daraja moja. Kama haikupanda, ruka uende kwenye sehemu ya dawa iliyoshindwa.

Mfuko chini ya taya

Kwanza hakikisha ni maji. Bonyeza kwa gumba kwa sekunde tano: pakibaki shimo, ni maji. Pakiwa pagumu na pa moto, hilo ni jipu au tezi, nalo lina habari nyingine.

Maji hayo hukusanyika kwa kuwa protini ya damu imeisha. Mwanakondoo anashinda kichwa chini akila, na jioni anarudi na mfuko kama wa ndege mwari. Asubuhi umepungua, na mwenye mali anasema amepona. Hajapona. Chunguza jioni.

Kisababishi cha kawaida kwa wadogo ni mnyoo uleule wa kufyonza damu, na kope zitakuambia hivyo. Lakini kama mnachunga kwenye majaruba, kingo za mabwawa au mabonde yenye konokono, fikiria minyoo bapa ya ini. Ile ya kwetu huku, Fasciola gigantica, huchukua miezi mitatu au zaidi tangu kumezwa hadi kukomaa, kwa hiyo usiisingizie kwa mtoto wa mwezi mmoja. Kwa aliyevuka miezi mitano inawezekana. Albendazoli kwa kipimo cha kawaida cha minyoo ya tumbo haitoshi kwa hiyo. Lebo nyingi zina kipimo cha juu zaidi kwa ajili ya ini, na hata hicho huua iliyokomaa tu. Triklabendazoli ndiyo inayofikia michanga pia.

Anaharisha

Hapa umri ndio hakimu.

Chini ya siku kumi, achana na minyoo. Tafuta maziwa ya mwanzo ambayo hakuyapata, kiwele kichafu, zizi lenye majimaji, na muite mtaalamu kama wako zaidi ya mmoja.

Wiki ya tatu hadi ya nane ni wakati wa koksidia. Hivi ni vijidudu vya chembe moja, havionekani kwa macho, na dawa ya minyoo haivigusi. Dalili yake naitambua kwa mkao: mwanakondoo anajikunja mgongo, anainua mkia, anakenya kwa nguvu, na kinachotoka ni kidogo, chenye utelezi, mara nyingine na nyuzi za damu. Manyoya ya nyuma yanaganda. Anapunguza uzito kwa siku mbili kama aliyekaushwa. Kope kwa kawaida hazijapauka sana, labda damu iwe imetoka nyingi.

Hushambulia zaidi waliozaliwa mwishoni mwa msimu. Waliotangulia wanameza mbegu chache na kujenga kinga, huku wakizimwaga kwa wingi zizini. Anayezaliwa wiki ya tano anakuta sakafu imeshachafuka. Angalia pia panapovuja maji kando ya hori, ndipo pabaya kuliko popote.

Dawa zake ni za kundi la salfa, amproliamu au toltrazurili. Wengi wetu tunatumia unga wa dawa ya kuku wanaohara damu kwa sababu upo dukani. Unafanya kazi ukiwa ni wa amproliamu au salfa, lakini kipimo kilichoandikwa pale ni cha maji ya kuku, basi muulize mtaalamu wa mifugo kipimo cha kondoo. Usipitishe siku alizokuambia: amproliamu ikizidi humnyima mnyama vitamini B1, na ataanguka kwa ugonjwa wa ubongo baada ya kupona tumbo. Salfa nayo inataka maji mengi. Tibu kundi lote la umri huo, kwa kuwa anayeharisha leo ni wa kwanza tu kuonekana.

Maji aliyopoteza ndiyo yatakayomuua kabla ya koksidia wenyewe. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo mara nyingi, na asiachishwe kunyonya.

Umri huohuo kuna mnyoo mwingine mdogo, Strongyloides papillosus, unaopenya ngozi kutoka kwenye matandiko yenye unyevu na kupita pia kwenye maziwa ya mama. Huo unauawa na dawa za kawaida za minyoo, ila zizi likikaa na majimaji atarudia.

Baada ya kuachishwa kunyonya, mwezi wa tatu na kuendelea, kuharisha kunakoendelea kwa wiki, kinyesi cha kijani kilichoiva hadi cheusi, mkia mchafu, mwili unakwisha lakini kope bado zina rangi: hapo ni Trichostrongylus, minyoo ya utumbo mwembamba. Ni myembamba kama unywele na haifiki hata sentimita moja, ndiyo maana hata ukimpasua usipotumia maji na chombo cheusi hutaiona. Hainywi damu kama ile ya kwanza. Inachubua utumbo, chakula kinapita bila kufyonzwa, na hamu ya kula inakufa. Mara nyingi ipo pamoja na ile ya damu, hapo utaona yote mawili, mkia mchafu na kope nyeupe.

Kuna kuharisha ambako si ugonjwa. Majani ya kwanza ya mvua yana maji mengi, na kundi zima hulainika siku mbili tatu. Wanaruka, wanakula, kope nyekundu. Waache.

Na kuna kuharisha ambako si kwa kutibu peke yako: homa kali, machozi na makamasi mazito, vidonda mdomoni, harufu mbaya, wanyama kadhaa kwa pamoja, mbuzi nao wamo. Hiyo inafanana na sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Funga kundi, usiuze hata mmoja, toa taarifa ofisi ya mifugo siku hiyohiyo.

Punje kama mchele kwenye kinyesi

Tegu. Ndiyo dalili inayoleta simu nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyoniharibia usingizi. Vipande vya Moniezia vinaonekana wazi, vyeupe, wakati mwingine utepe mzima unaning'inia, na mtu anaona amempata mwizi. Mara nyingi madhara yake ni madogo, na mwanakondoo huitoa mwenyewe kadiri anavyokua. Mwizi halisi hana rangi na hajitokezi nje. Ukiona tegu na mtoto amekonda, tazama kope na mkia kwanza. Inawezekana sana unachokitafuta ni Haemonchus au koksidia vilivyojificha nyuma ya huo mchele. Ukitaka kuitoa, albendazoli au prazikwanteli. Ivermektini haiiui hata kidogo, usipoteze sindano.

Amekonda tu

Haharishi mfululizo, kope zina rangi, lakini hakui. Wenzake wa umri wake wamempita mabega. Fikiria kwanza maziwa: mama yake ana pacha, au chuchu moja imekufa? Wengi ninaoitwa kuwaona kwa "minyoo" wana njaa.

Kama si njaa, kuna Oesophagostomum, minyoo ya vinundu. Viluwiluwi vyake hujificha kwenye ukuta wa utumbo na kuacha vinundu vigumu vyenye usaha mkavu wa kijani. Daktari wake bora ni mchinjaji. Muulize anayekununulia kondoo kama matumbo ya kutoka kwako yana vinundu. Kule Kenya anayetengeneza mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, huyajua mashamba kwa hilo, kwa sababu utumbo wenye vinundu hachukui. Vinundu vya zamani havitibiki. Unawatibu wadogo kabla hawajafika huko.

Nimempa dawa, hakupona

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima, aliniita mwaka juzi kwamba dawa za siku hizi ni maji matupu. Nikamwamkia, nikamuuliza: "Mzee, huyu ana kilo ngapi?" Akamtazama, akasema, "Kumi na mbili, mwanangu. Weka na nusu." Tukamfunga kamba, tukamtundika kwenye mizani ya kupimia mahindi. Kilo 19. Chupa yake ya albendazoli ya asilimia 2.5 ilisema ml 2 kwa kila kilo 10. Alistahili ml 3.8, alipewa ml 2.4, yaani chini ya theluthi mbili. Minyoo dhaifu ilikufa, yenye nguvu ikabaki na kuzaa. Kwa miaka sita amekuwa akiichagua hivyo bila kujua.

Pima. Kama mizani hakuna, pima yule mkubwa kuliko wote wa umri mmoja kwa namna yoyote unayoweza, na wape wote kipimo chake. Kwa albendazoli hilo ni salama. Kwa levamisoli kuwa mwangalifu zaidi, kipimo kikizidi sana mnyama anatokwa mate na kutetemeka ndani ya saa moja. Kwa klosanteli, kuzidisha kunapofusha macho. Hizo mbili usikadirie.

Soma asilimia. Kuna chupa za albendazoli za asilimia 2.5 na za asilimia 10, za kampuni moja, za rangi moja. Ya pili ni kali mara nne. Nimeona watu wakikosea pande zote mbili. Na kondoo jike mwenye mimba ya mwezi wa kwanza asipewe albendazoli, huharibu kijusi.

Angalia mkono wako. Bomba la dawa linapita pembeni mwa mdomo, mahali pasipo na meno, hadi nyuma ya ulimi, ndipo unasukuma taratibu. Ukimwaga mbele mdomoni, nusu inatoka na nyingine inaweza kupitia njia ya maziwa na kuruka tumbo la kwanza, ambalo lilitakiwa kuikalisha dawa ifanye kazi polepole. Usimwinue kichwa juu kama anayetazama nyota, dawa itaingia mapafuni. Kwa dawa za jamii ya bendazoli, kuwanyima majani usiku mmoja kabla ya kuwapa huongeza nguvu yake, ila si kwa aliyekwisha kudhoofika.

Halafu majina. Mfugaji ananiambia amebadilisha dawa mara tatu. Tunazipanga chupa tatu mezani: albendazoli, fenbendazoli, oksifendazoli. Hajabadilisha kitu. Zote ni jamii moja, na mnyoo uliozoea mmoja umezoea wote. Tazama jina la dawa lenyewe, maandishi madogo, usitazame jina kubwa la biashara. Yanayoishia na "endazoli" ni ukoo mmoja. Yanayoishia na "ektini", kama ivermektini na doramektini, ni ukoo mwingine. Levamisoli ni wa tatu. Kubadilisha ni kuhama ukoo.

Kama uzito, asilimia, mkono na ukoo vyote viko sawa, bado kuna jambo moja kabla ya kusema minyoo ni sugu: umemrudisha wapi? Aliyetibiwa asubuhi na kurudi jioni kwenye nyasi zilezile anaanza kumeza upya siku hiyohiyo. Baada ya wiki tatu nne ana minyoo mipya, na utasema dawa haikufanya kazi wakati ilifanya.

Kutofautisha hayo mawili kuna njia moja ya uhakika, kuhesabu mayai. Chagua wanakondoo kumi hivi, chukua kinyesi cha kila mmoja moja kwa moja kutoka njia ya haja kubwa kwa glovu, siku unayotoa dawa. Chukua tena kwa walewale baada ya siku 10 hadi 14. Kiwe kipya, kwenye chombo cha ubaridi lakini kisigande, kifike maabara haraka kabla mayai hayajaanguliwa. Tanzania kuna maabara za TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ikiwemo ya Arusha. Kenya kuna Kabete na za kanda kama Nakuru, Karatina na Mariakani. Mayai yasipopungua kwa asilimia 95 au zaidi, ukoo huo wa dawa umeanza kukushinda shambani kwako. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko mwanakondoo mmoja, na kikundi cha wafugaji watano mnaochunga pamoja mnaweza kuchangia.

Kuhusu mitishamba nitasema kifupi. Seketeti, ambayo Wamaasai huitumia, ilijaribiwa Kenya kwa kondoo wenye Haemonchus na haikufua dafu. Kwa mwanakondoo mwenye kope nyeupe usijaribu bahati.

Amekufa tayari

Basi akufundishe. Mpasue ndani ya saa chache, kwani baadaye minyoo huyeyuka. Funga tumbo la nne kwa uzi pande zote mbili, likate, lifungue juu ya beseni. Minyoo ya damu utaiona ikijinyonganyonga kwenye majimaji ya rangi ya kahawa, na nyama yote ni nyeupe, damu kama chai ya rangi. Kama tumbo hilo ni safi lakini utumbo mwembamba una vidoadoa vyeupe na ukuta umenenepa, fikiria koksidia. Vaa glovu. Kama alikufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au njia ya haja, usimpasue kabisa: hiyo ni dalili ya kimeta. Muite mtaalamu.

Wanakufa kila mwaka, msimu uleule

Basi tatizo liko kwenye nyasi na kwa mama zao.

Kondoo jike, kuanzia wiki mbili kabla ya kuzaa hadi wiki nane hivi baada yake, kinga yake inalegea na anamwaga mayai kwa wingi, wakati uleule mtoto wake anaanza kung'ata majani. Ukimkagua kope na kumtibu anayestahili pale anapokaribia kuzaa, na kumlisha vizuri, umepunguza mzigo wa watoto kuliko chupa kumi za baadaye.

Viluwiluwi vingi hukaa kwenye sentimita 5 za chini za jani, na hupanda na umande. Fungulia wadogo baada ya umande kukauka, na usiwapeleke kwenye malisho yaliyokwanguliwa hadi udongo. Watangulize wao kwenye malisho mapya, wakubwa wafuate. Ng'ombe wakipita mahali pa kondoo humeza viluwiluwi vya kondoo na vingi hufia humo, ni msaada wa bure. Pwani penye joto na unyevu kipande kikipumzika wiki tano sita vingi vimekufa. Huku nyanda za juu penye baridi vinadumu kwa miezi, kwa hiyo usinakili ratiba ya mtu wa Tanga.

Na mbegu. Kati ya 1991 na 1996 huko Diani, pwani ya Kenya, kondoo wekundu wa Kimaasai walilinganishwa na Dorper kwenye malisho yenye Haemonchus. Wekundu walikuwa na mayai machache kinyesini, na watoto wao walikufa wachache. Sasa hivi kila mtu anataka dume la Dorper kwa sababu ya mwili, na mwili kweli upo. Sehemu kavu linaweza kukulipa. Sehemu ya mvua nyingi, mimi nimebaki na majike wekundu, naongeza Dorper kwa kiasi.

Usiwape dawa kundi zima kila mara. Waache wenye kope 1 na 2 bila dawa, ili minyoo isiyo sugu ibaki kwenye malisho ichanganyike na ile sugu. Wale wanaorudi kwenye daraja la 4 mara mbili au tatu msimu mmoja waandike namba. Nilikuwa nao watatu mwaka huu, majike, wawili wanene wa kupendeza. Walipomaliza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, niliwapeleka kwa mchinjaji. Mnadani nisingewapeleka, maana jirani angewanunua kwa ajili ya kuzalisha.